Kisanduku cha Sekunde Tisa

Skrubu ya nne ndiyo iliyogoma. Tatu za mwanzo zilitoka kwa adabu, zikalala kwenye kifuniko cha chupa ya chai, lakini ya nne ilikuwa imeshika kutu kabla Enesia Tweve hajazaliwa na haikuona sababu ya kuhama leo.

"Itilie mafuta," alisema Yokoniya Chaula kutoka kwenye kiti chake. "Hiyo haitaki nguvu. Inataka kubembelezwa."

"Nimesikia, Mzee Chaula."

Hakuitilia mafuta. Alielemea bisibisi kwa uzito wake wote, skrubu ikalia, ikatoka na kipande cha meza. Enesia akakiinua kile kisanduku kwa mikono miwili. Chini yake palibaki mstatili wa kijani kibichi, rangi iliyokuwa ya meza nzima miaka thelathini na moja iliyopita, na katikati ya mstatili alilala mende mkavu, miguu juu, amekufa kifo cha amani.

Yokoniya alivua kofia yake ya sufu. Haikujulikana kama ni kwa heshima ya mende au ya kisanduku.

Watu wote wa ukingo ule wa Kipengere walikiita rimoti. Kilikuwa cha chuma, cha kijivu, ukubwa wa mkate, kina mkono wa simu wenye waya wa kujikunja, sindano moja ya kupima nguvu, na kibonyezo kirefu cha kusemea ambacho rangi yake ilikuwa imeliwa na dole gumba la mtu mmoja tu. Pembeni kulikuwa na kitufe chekundu kilichofungwa kwa lakiri ya risasi.

Redio yenyewe, simu ya upepo hasa, haikuwa pale. Ilikaa kileleni, kilomita nane za kupanda, ndani ya kibanda cha mawe ambako hata panya hawakutaka kuishi kwa baridi. Nyaya mbili za shaba ziliteremka kutoka huko hadi kwenye meza hii ya Makao, ofisi kuu ya ukingo. Ukibonyeza kibonyezo, rimoti inapuliza mluzi mwembamba ndani ya nyaya. Redio ya kileleni inausikia, inafungua mdomo, na sauti yako inasambaa ukingo mzima. Ukiachia, mluzi unakatika, redio inafunga mdomo na kutega sikio. Mluzi ukiwa dhaifu, haisikii. Ukiwa mkali kupita kiasi, inajifanya haikusikia, kama mwanafunzi aliyeitwa kufagia. Kwa hiyo Enesia alitumia robo saa nzima kwenye kisanduku kipya kilicholetwa kuchukua nafasi ya rimoti, akizungusha skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, jicho kwenye mita, mpaka mluzi wake ukalingana na ule wa zamani.

Mluzi wa kitufe chekundu ulikuwa mwingine. Huo haukuwa wa kusemea. Ulipita kwenye redio na kwenda moja kwa moja kwenye winchi kumi na nne za ukingoni, moja kwa kila kituo, zote zikaanza kuzunguka kwa pamoja na kuteremsha maputo kumi na manne yaliyobeba nyavu za ukungu. Lazima ziwe pamoja, kwa sababu nyavu zote zilining'inia kwenye waya mkuu mmoja wa chuma. Ukivuta upande mmoja tu, unang'oa upande wa pili. Maji yote ya bondeni yalitoka kwenye nyavu hizo. Na tangu jua lilipopiga ile miale iliyochoma setilaiti zote, simu za mkononi zikabaki vioo vya kujitazamia, habari zote za ukingoni zilipita kwenye nyaya mbili za shaba na dole gumba la Yokoniya Chaula.

"Fundi, bado?" Mkuu Mahenge aliingia na kitabu cha maelekezo mkononi. Kilikuwa na kurasa mia mbili na kumi; kumi zilieleza namna ya kukitumia kisanduku, na mia mbili zilimwomba mtumiaji asikilambe, asikioshe na asikipe mtoto.

"Tayari, Mkuu. Bado kukiwasha."

Kisanduku kipya kilikuwa cheupe, chepesi, hakina kibonyezo wala mkono wa simu. Kilikuwa na taa kumi na nne usoni na akili yake mwenyewe tumboni. Chenyewe ndicho kingeita vituo, kimoja baada ya kingine. Kila kituo kingepewa sekunde tisa za kueleza hali yake, na kisanduku kikishapata jawabu hakingoji hata hizo tisa. Kingepima upepo kwa vipimo vya Kituo cha Kwanza, na wakati ukifika kingepuliza mluzi wa winchi bila kumsumbua mtu.

Enesia alikuwa amekiomba kwa barua nane kwenda Idara.

Aliandika ya kwanza wiki moja baada ya kumzika kaka yake. Asifiwe alikuwa Kituo cha Tisa siku ile waya wa umeme uliposhika moto. Aliita Makao kwa dakika kumi na moja bila kupata nafasi, kwa sababu kwenye simu ya upepo anayesema ni mmoja tu, na wakati ule Yokoniya alikuwa akisalimiana na Kituo cha Pili. Walisalimiana wao, wakasalimia wake zao, wakafika kwa kondoo wa Kituo cha Pili aliyezaa mapacha watatu, wakamfurahia. Msaada ulipotumwa Kituo cha Tisa ulikuta bati na majivu.

Tangu siku hiyo Enesia hakumwita tena Yokoniya "Mjomba", kama alivyoitwa na ukingo mzima. Alimwita Mzee Chaula, kwa upole, kila asubuhi, kwa miaka miwili. Ilimuumiza Yokoniya kuliko tusi, na Enesia alijua.

*

Saa tano na dakika ishirini kisanduku cheupe kilifanya mwito wake wa kwanza.

"Kituo cha Kwanza. Hali?" kiliuliza kwa sauti ya mwanamke aliyefunzwa kusoma taarifa ya habari.

"Eeh, hapa Kwanza, sala..."

"Imepokelewa." Taa ya kwanza ikawa ya kijani. "Kituo cha Pili. Hali?"

"Kamwene, hamjambo! Salama, sijui nyie huko, Mjomba yupo? Yule kondoo..."

"Imepokelewa."

Mkuu Mahenge alicheka mpaka akakohoa. "Mzee wa kondoo kakatwa! Yokoniya, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Yokoniya.

Taa ziliwaka kwa zamu. Tisa ilipojibu, kwa sauti ya mtu mwingine aliyehamia baadaye, Enesia alitazama dirishani. Kumi na Nne ilipowaka, Mkuu alisoma saa yake ya mkononi kama msimamizi wa mbio.

"Dakika mbili na sekunde nne. Ukingo mzima! Fundi, unajua mwito wa asubuhi huwa unachukua muda gani?"

"Dakika arobaini na tano, Mkuu. Siku wasipokuwa na habari."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Alikuwa amengoja siku hii kwa miaka miwili, akidhani itakuwa na ladha fulani. Haikuwa na ladha yoyote. Ilikuwa imekwisha tu.

Kioo kidogo cha kisanduku kilionyesha maandishi: VITUO 14, SALAMA 14. UPEPO MKALI UTAFIKA SAA 6:05. WINCHI ZITAANZA SAA 5:50.

"Sita hajamaliza kusema," alisema Yokoniya.

Mkuu alikuwa bado anaitazama saa yake.

"Mama Sekela wa Kituo cha Sita. Amesema salama, kisha akavuta pumzi. Hajamaliza."

"Mzee Chaula," alisema Enesia, "hakuna atakayemaliza tena. Hilo ndilo lengo lake."

"Najua lengo lake. Nakwambia alivuta pumzi."

Kwa kweli Enesia angeweza kuliacha hapo. Lakini alikuwa fundi, na fundi akiambiwa kitu kinalia vibaya hawezi kulala. Kisanduku kilihifadhi kila sauti kiliyopokea. Akaitafuta ya Kituo cha Sita, akaiongeza sauti.

"Salama." Kisha hewa ikivutwa kwa nguvu, ndefu, ikakatwa katikati kama kwa kisu.

Aliirudia mara tatu. Nyuma ya ile pumzi, mbali sana, kulikuwa na mtu anapiga chuma.

"Mkuu," alisema, "nataka kuongea na Sita."

Mahenge alifungua kitabu. Alikuwa mtu wa haki na alitafuta kwa bidii, akilamba kidole kila ukurasa. "Hapa. 'Kituo kilichojibu salama hakitaitwa tena wala kusikilizwa mpaka mwito unaofuata, isipokuwa kikianza kwa neno hatari.' Mwito unaofuata ni saa kumi."

"Maana yake anaweza kuwa anaita sasa hivi na hatumsikii."

"Akisema hatari, tutamsikia. Wewe mwenyewe uliwaandikia tangazo."

Ni kweli, aliliandika yeye. Lilipelekwa vituo vyote pamoja na unga na viazi, wiki mbili nyuma, kwa herufi kubwa: MWENYE SHIDA AANZE NA NENO HATARI. Mama Sekela alimsifu kwa mwandiko wake mzuri.

"Hatasema," alisema Yokoniya. "Hakuna mtu wa ukingo huu atakayekupigia kelele za hatari kabla hajakujulia hali. Wataona haya. Nyumba inaweza kuwa inaungua, mtu atasema salama kwanza. Habari inakuja baada ya hapo. Miaka thelathini na moja sijasikia mtu akianza na msiba."

Enesia alitazama zile taa. Alisoma shule ya bweni, na kule kiranja wa zamu alipita kila usiku kuhesabu vitanda. Chochote kilichofunikwa blanketi kilihesabiwa ni mwanafunzi, hata kama ni mto na ndoo. Yeye mwenyewe alikuwa ndoo mara nyingi tu. Sasa, kwa barua nane, alikuwa ameviletea vituo kumi na vinne kiranja kama yule.

Saa ya ukutani ilikuwa tano na nusu.

"Ninachoweza kufanya," alisema polepole, "ni kuchomoa nyaya na kurudisha rimoti ya zamani. Dakika kumi, labda kumi na moja. Ndani ya muda huo Makao haina sikio wala mdomo."

"Na winchi?" aliuliza Mkuu.

"Nikiirudisha vizuri, tutazianzisha kwa kitufe chekundu."

"Na usipoirudisha vizuri?"

Enesia aligeuza bisibisi mkononi.

"Basi ngoja nikujibie," alisema Mahenge, na cheko lote lilikuwa limemtoka. "Upepo utakuta maputo yako juu. Waya mkuu utakatika. Unajua waya ule ukikatika unaangukia wapi? Unaangukia vituo. Mwanangu Atukuzwe yuko Kumi na Tatu na kichanga cha wiki tatu, hata jina hakijapewa. Nina salama kumi na nne hapa, Fundi. Wewe una pumzi moja."

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na hata sauti yake haikupanda. Enesia alihisi maneno yakimkaa mahali pake. Mtu mmoja aliyechelewesha wengine wote: hicho ndicho kilichomuua Asifiwe. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anataka kukalia laini kwa ajili ya mtu mmoja.

Akaweka bisibisi mezani. "Mkuu ana haki," alisema.

"Ene," alisema Yokoniya.

Aligeuka. Hakuna aliyemwita hivyo tangu kaka yake alipofariki.

"Unajua Asifiwe alisema nini alipopata laini?"

"Nimesoma daftari la zamu. Alisema moto kwenye waya."

"Hayo ndiyo niliyoandika. Salamu haziandikwi." Yokoniya aliikunja kofia yake, akaikunjua. "Sikutaka kukwambia. Niliona utafikiri namtupia yeye lawama yangu. Alisema, 'Shikamoo, Mjomba.' Nikaitikia. Nikamuuliza, za huko? Akasema, 'Salama, Mjomba.' Akavuta pumzi. Kisha ndipo akasema, ila waya unaungua."

Kisanduku cheupe kilikuwa kinahesabu dakika kwenye kioo chake.

"Alikuwa amengoja dakika kumi na moja," alisema Enesia.

"Ndiyo."

"Moto uko mgongoni kwake."

"Ndiyo, mama."

"Na akasema shikamoo."

"Mlimlea hivyo," alisema Yokoniya.

Enesia aliona jambo lile lilivyo, hata kama hakutaka kuliona. Kama kisanduku cheupe kingekuwapo siku ile, Asifiwe asingengoja dakika kumi na moja. Angeitwa mapema, angesema salama, na taa ya tisa ingewaka kijani kibichi juu ya moto wake. Na barua nane zingeandikwa na mtu mwingine, au zisingeandikwa kabisa.

Akashika nyaya za shaba, akazing'oa.

*

Taa zote kumi na nne ziliganda katika kijani. Mkuu Mahenge hakupiga kelele. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaweka saa yake gotini, akasema, "Saa tano na dakika thelathini na tatu," kwa sauti ya mtu anayesoma jina kaburini.

Kuvunja kulichukua asubuhi nzima. Kujenga kulikuwa na dakika kumi. Enesia alimenya waya wa kwanza kwa meno. Wa pili ulikatika mfupi kupita kiasi, akauunga kwa kipande alichokichomoa kwenye taa ya mezani. Rimoti ya zamani ilikaa kwenye mstatili wake wa kijani bila skrubu, imeegemezwa chupa ya chai. Alipobonyeza kibonyezo, sindano haikupanda.

"Saa tano na arobaini na moja," alisema Mkuu.

"Igonge," alisema Yokoniya.

"Wapi?"

"Ubavuni, kushoto. Siyo kwa hasira."

Enesia aligonga. Sindano ikaruka, ikatetemeka, ikatulia mahali pake. Aliunyanyua mkono wa simu, na spika ikajaa ile sauti ya upepo wa mbali ambayo ukingo mzima uliijua.

"Kituo cha Sita, Sita, Sita, hapa Makao. Mama Sekela, kuna nini huko? Ova."

Spika ilikwaruza: "Yesu wangu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama, nauliza kama..."

"Mbona unaniuliza hivyo, basi? Ni dada yangu? Niambie tu, Enesia, nimeshakaa chini."

"Mama, sina msiba. Nataka kujua mna shida gani!"

"Huyu analia," alisema Mama Sekela kumwambia mtu mwingine. "Makao wanalia."

Sekunde zilipita, kumi, ishirini. Mkuu alifumba macho. Yokoniya aliinama mpaka sikioni pa Enesia.

"Msalimie," alinong'ona. "Njia fupi ndiyo hiyo."

Enesia aliurudisha mkono wa simu mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Haya, sasa nimekusikia. Za Makao?"

"Salama tu, mama. Za huko?"

"Salama."

Akaachia kibonyezo. Hilo ndilo gumu kwenye simu ya upepo. Ukiendelea kubonyeza humsikii mwenzako, lazima dole lako lifunguke kwanza. Aliachia na kungoja, na kwenye spika akasikia pumzi ile ile ikivutwa, ndefu, safari hii bila kisu.

"Ila Baba Sekela yuko ndani ya ngoma ya winchi. Tangu saa nne. Mkia wa waya ulijikunja vibaya akaingia kuunyoosha, ukambana mkono hadi kiwiko. Sekela yumo humo naye; nyundo imeshindwa, sasa anakata kwa msumeno. Nilitaka niwaambie hapo mlipoita, lakini yule dada yenu mgeni ana haraka sana."

Mkuu Mahenge alifumbua macho. Alitazama kioo cha kisanduku cheupe, kilichokuwa bado kinasema SALAMA 14, kisha akatazama kitufe chekundu. Winchi zikizunguka, ngoma ya Sita ingezunguka nazo, na watu wawili ndani yake.

"Muulize amebakiza kiasi gani," alisema.

"Mama, Sekela amebakiza kukata kiasi gani?"

"Anasema nyuzi saba."

Saa tano na dakika arobaini na saba. Waya ule ulisukwa kwa nyuzi kumi na tisa. Enesia alipiga hesabu na hakulipenda jawabu lake. Wakiharakisha, watatoka saa sita kamili. Winchi zilihitaji robo saa kushusha maputo. Upepo ungefika ukiwa na dakika kumi za kufanya utakavyo.

"Wape wengine habari," Mkuu alimwambia Yokoniya kwa sauti kavu. "Waingie kwenye mahandaki. Wote. Na Kumi na Tatu."

Yokoniya alichukua mkono wa simu. Dole gumba lake likaenda lenyewe mahali palipoliwa rangi. Enesia na Mkuu walidhani wanajua atakachosema, kwa urefu wake wote.

"Vituo vyote isipokuwa Sita," alisema Yokoniya Chaula. "Ingieni mahandakini. Winchi zitachelewa. Msinijibu."

Akaachia. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja alikuwa amesema bila kumsalimia mtu, na ukingo mzima ulielewa jinsi hali ilivyo mbaya. Zilisikika tu kelele fupi za watu wanaobonyeza na kuachia, moja baada ya nyingine. Yokoniya alizihesabu kwa vidole. Kumi na tatu.

Kisha wakangoja. Mama Sekela alihesabu nyuzi kwa sauti. Tano. Nne. Aliposema tatu, Mkuu alianza kusali bila kutoa sauti, akisogeza midomo. Mbili ilichukua muda mrefu sana. Saa ilipiga sita, Enesia akavunja lakiri kwa koleo na kuweka kidole juu ya kitufe chekundu, na kidole kikakaa hapo kikitoka jasho kwenye chumba ambamo pumzi za watu zilionekana.

"Ametoka," alisema Mama Sekela. "Wametoka wote. Mkono sio mzuri, ila wametoka."

Enesia alibonyeza.

*

Upepo ulifika saa sita na dakika nne, dakika moja kabla ya ahadi. Maputo yalikuwa hayajafika hata nusu ya safari. Nyavu za Kumi na Moja, Kumi na Mbili na Kumi na Tatu zilipasuka na kwenda zao. Bondeni wangechota kwa mgawo kwa miezi miwili. Kumi na Mbili, Ezekia Luvanda alitoka handakini kumfuata mbuzi, bati la jiko likamvunja bega. Waya mkuu ulilia kama ng'ombe, lakini haukukatika. Kumi na Tatu ilikuwa kimya mpaka saa saba kasoro robo, kisha mtoto mchanga akasikika analia hewani, na Mkuu Mahenge akatoka nje akakaa huko kwa muda.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Nitaandika ripoti," alisema. "Kwamba ulivunja amri yangu. Na kwamba ulikuwa sahihi. Yote mawili. Idara watachagua watakalolipenda."

"Andika pia kwamba Luvanda amevunjika bega kwa sababu yangu," alisema Enesia. "Na kwamba rimoti hii inaweza kuziba tena kama ilivyoziba siku ile. Bado sina dawa yake."

"Utaitafuta?"

"Nitaitafuta."

Yokoniya alikuwa amemaliza kuandika daftari la zamu. Alikausha kalamu kwenye mkono wa koti na kutaka kulifunga, lakini Enesia aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Lile la mwaka juzi liko wapi, Mjomba?"

Yokoniya alimtazama kwa neno lile. Alifungua kabati, akatoa daftari lenye jalada la bluu, na hakuhitaji kulitafuta ukurasa, lilifunguka lenyewe. Mstari ulikuwa kwa mwandiko wake, umeinama kidogo. *Saa 8:04. Kituo cha Tisa. Moto kwenye waya.*

"Kulikuwa na kingine?" aliuliza Enesia. "Kabla ya 'ila'."

"Aliniuliza mguu wangu. Nilikuwa nimeteguka wiki ile."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia unaendelea vizuri."

Enesia akachukua kalamu. Pembeni mwa mstari ule, penye nafasi iliyoachwa wazi, akaandika kwa herufi ndogo ili yote yaenee: Shikamoo, Mjomba. Mguu unaendeleaje? Salama.

Kisha akaandika ila, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye neno hilo mpaka ukakutana na moto.